Nilivyomtafutia mteja theluji ya mwanzo wa Desemba nikiwa Darajani

Kazi yangu hapa Unguja ni ya watalii, na watalii wanakuja huku kufata jua, sasa akaingia ofisini mtu wa kwetu kabisa anataka kinyume chake. Mzee mfanyabiashara, asili yake Wete, watoto wanafunga skuli Desemba na keshawaahidi theluji, tena sio ile ya ndani ya jengo Dubai maana ile wameshaiona, anataka theluji ya Mungu. Akanambia "mwanangu, nipeleke Ulaya wiki ya mwanzo ya Desemba, ila nikifika nikakuta majani ntakurudia wewe." Nkamwambia ami, nipe muda kidogo.

Watu wengi huku tunadhani Ulaya ikishaingia baridi basi theluji ipo kila pahala, unashuka uwanja wa ndege unaikanyaga. Sivo. Mwanzo wa Desemba ndo wakati mbaya kuliko yote wa kubahatisha, na ubaya zaidi viza ya Shengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, inataka uwe na hoteli, bima na tiketi ya kuonesha, yaani unaamua Septemba pahala ambapo theluji yake hakuna binaadamu anaeijua mpaka Novemba imalizike.

Nna mtu wangu Mtaliano, mzee mstaafu anakuja Kiwengwa karibu kila mwaka, kwao ni huko milima ya Dolomiti na kazi yake ilikuwa fundi wa lifti za kuskii, yaani vile vyombo vya waya vinavyopandisha watu mlimani wakateremke kwa kuteleza na vibao miguuni. Nkamtumia voisi wasap, akacheka weee, alafu akanipa darasa. Kitu cha kwanza alichonambia, usiniulize nani ana theluji, niulize nani yuko juu. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa nyuzi 6 na kitu, kwa hivo mvua ile ile moja inashuka kijijini maji, juu inashuka theluji. Akanipa mfano wa Whistler kule Kanada, mlima una jina dunia nzima lakini uko karibu na bahari ya Pasifiki na kijiji chake kiko chini, mita 600 na ushei, basi Novemba na Desemba watu wanakunywa chai kwenye mvua na huku juu vichwani mwao theluji inamwagika.

Na hata huko juu usijipe uhakika. Zermatt na Cervinia, mpakani mwa Uswisi na Italia, walipanga mashindano ya Kombe la Dunia ya kuteremka mlima, 2022 yakafutwa kwa sababu theluji haikutosha, 2023 yakafutwa tena, na mara hii theluji imezidi na upepo juu yake. Mlima huo huo!

Kilichonisaidia zaidi ni kujua kusoma zile ripoti za theluji zinazotolewa na milima ya kuskii, maana zinapendeza sana na mtu usipojua utaingia mzima mzima. Wanakuandikia kina cha theluji, tuseme sentimita 70, wewe unafurahi, kumbe hio imepimwa kule kileleni kabisa na kijijini ni sufuri. Mtaliano wangu akanambia kina kiache, tazama kilomita ngapi za njia za kuskii zimefunguliwa kati ya ngapi, na lifti ngapi zinakwenda. Ikiwa pahala pana kilomita 150 na wamefungua 6, ushajua hali. Alafu fungua kamera zao, karibu kila mlima una kamera ya intaneti, usitazame njia yenyewe, tazama pembeni yake. Mie nkawa kila usiku nikishafunga ofisi nazifungua, na kweli nikaona kitu ambacho kwenye ripoti hakimo: mkanda mmoja mweupe umeteremka mlimani, upana wa barabara, na kulia na kushoto majani ya kahawia na mawe. Hio ni theluji ya mashine. Wanarusha maji kwa mizinga usiku, yanaganda hewani, alafu makatapila yanatandaza. Na mashine nayo ina masharti, inataka baridi ya kama nyuzi 2 chini ya sufuri kwa kipimo kinachohesabu na unyevu wa hewa, hewa ikiwa kavu unaweza kuanza mapema, ikiwa na unyevu kama huu wetu hata baridi ya kiasi ikiwepo maji yanabaki maji.

Kwa mtu anaejua kuskii mkanda ule unamtosha kupasha miguu. Kwa watoto wa kizenji wanaotaka kujigaragaza haumsaidii mtu, na kuingia pale kwa miguu huruhusiwi, watu wanapita mbio. Nje ya mkanda ndo hatari zaidi, theluji ya mwanzo imefunika majiwe na visiki bila kushindiliwa, unaona peupe kumbe chini kuna jiwe. Kule Hokkaido Japani ni mianzi mifupi imejaa mlimani, mpaka theluji iifunike ndo njia zinafunguka vizuri. Na Colorado, Marekani, ambako milima ya kuskii ya Arapahoe Basin na Keystone mara nyingi wanakimbizana kufungua Oktoba, ile theluji ya mapema ikikaa nyembamba kwenye baridi kali inageuka chenga zisizoshikana, baadae zikishukiwa na mzigo mpya wa theluji, theluji ya mlima mzima inaweza kuporomoka. Colorado niliifuta mapema hata hivo, viza ya Marekani na muda tuliokuwa nao havikuwa vinaelewana.

Finlandi ilinivutia kidogo. Kule Levi, kaskazini kabisa, wanafanya Kombe la Dunia la kuskii Novemba na milima yao mifupi, siri yao baridi tu, na theluji ya mwaka uliopita wanaifunika wakati wa joto wanaihifadhi. Lakini nilipomwambia ami kuwa Desemba kule zipo siku jua halichomozi kabisa akanyamaza, alafu akaniuliza "sasa Maghribi tutaijuaje?" Tukaiacha.

Mwisho nkashika Hintertux, Austria, bonde la Zillertal. Sababu ni kuwa wanaskii mwaka mzima kwenye barafu ya mlimani inayokaa mwaka mzima, juu mita 3,250, kijiji mita 1,500, kwa hivo hata mvua ikiharibu chini juu pana kitu. Na asieskii anapanda lifti kama kawaida, na kule juu kuna pango ndani ya barafu yenyewe, Natur Eis Palast, unaingia na mwenyeji anakutembeza. Kitu kimoja nilikihakikisha na hoteli kwa simu, njia ya vigari vya kuteleza watoto, maana hizi zinapita chini msituni na ndo zinazochelewa kufunguliwa kuliko zote. Wakanambia wazi wazi wakati ule haitokuwa tayari, nkawashukuru kwa ukweli wao, nikamwambia ami watoto watachezea juu.

Lingine ni kichwa, juu sana hewa inakuwa nyepesi na kinauma. Sie watu wa pwani, mita 3,250 sio mchezo, nkampangia wapumzike kwenye vituo vya njiani, kuna cha mita 2,100 na cha 2,660, wanywe maji, wasipande mbio. Nguo za baridi nilimwambia asinunue, akodi kule kule, ila glavu na soksi abebe.

Walipofika kijiji kilikuwa nusu nyeupe nusu matope, ami akanitumia picha ya majani bila ya neno lolote, roho ikanidunda. Kesho yake hawakupanda mpaka juu, Föhn imevuma, ule upepo wa vuguvugu wa kutoka kusini, kusi yao ati, lakini inakula theluji na inafungisha lifti. Siku iliyofuata ukatulia. Nikapokea video, mtoto mdogo amekaa kwenye theluji mpaka kiunoni kavua glavu anakula, mama yake anapiga kelele, na ami anasema kwa nyuma "haya imeonekana, imeonekana."

Lawama moja tu alinipa, chakula. Halali ilikuwa taabu kijijini, wakashindia samaki na viazi. Na jua linakuchwa kama saa kumi na nusu jioni, kabla hawajachoka kucheza tayari kiza.

Sasa shemeji yake keshanipigia, anataka theluji na yeye, Julai. Nimemwambia Julai baridi iko upande wetu wa dunia, kuna Afriski huko Lesotho, zaidi ya mita 3,000, mkanda wa mashine mara nyingi na ski ya kujifunzia ipo. Kaniuliza kama kuna wali. Naulizia.