Maua ya bustanini kwa meza ya Iddi, na kosa la jagi moja

Jamani mwenzenu mwaka huu nilipania. Nina mwaka wa saba hapa Birmingham, nyumba tunayopanga ina kibustani huko nyuma, ukitandika khanga tatu umekimaliza, na miaka yote nilikuwa naona matope tu na takataka za jirani zilizopeperuka. Sasa mwezi wa kumi na moja nikanunua vitunguu vya maua nikavifukia, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, mume wangu yuko dirishani na chai yake ananicheka. Nikamwambia we cheka tu.

Nasema vitunguu kwa sababu ndo vinavyofanana, ukiviweka jikoni mtu anakaanga. Siwatanii, 2015 idara ya afya ya huku iliyaandikia maduka makubwa kwamba dafodili zisipangwe karibu na mboga na matunda maana kuna watu walizila wakaumwa. Mi zangu nilizificha stoo mbali kabisa na vitunguu maji.

Basi mwezi wa tatu ukaingia zikatoka. Dafodili kwanza, njano ya kuumiza macho, halafu hayasinti za zambarau, kisha vile vimaua vya buluu vidogo kama kishada cha zabibu wanaviita maskari, na tulipu nyekundu zile za mapema. Kwenye uzio kuna mti wa forsithia ambao nilidhani umekufa, kumbe wenyewe unatangulia maua kabla ya majani, kijiti kikavu kimejaa njano tupu. Na Iddi ikawa iko karibu, nikasema mwaka huu sinunui waridi, waridi zenyewe nyingi zinatoka Naivasha, zimepanda ndege kama mimi tu, mwaka huu meza inapambwa na vya kwangu.

Nikakata kila kilichochanua asubuhi moja nikatia kwenye jagi moja, nikapiga picha, nikamtumia mama Tanga. Kesho yake tulipu zimelala shingo chini kama zimepewa habari ya msiba.

Aliyenifumbua macho ni bibi jirani, mzee wa kizungu ana bustani ya kutisha. Swali lake la kwanza, dafodili uliziacha peke yake? Nikamwambia hapana, zote pamoja. Akakata moja pale pale akaniambia shika. Shina linatoa ute, unavutika, utelezi wa bamia mtupu. Ule ute ukiingia kwenye maji unayafupishia maisha maua mengine, hasa tulipu. Kwa hiyo dafodili unakata, unazitia ndoo yake ya maji baridi zikalale humo usiku kucha mpaka zimalize kuchuruzika, ndo uzichanganye na wenzake, na ukishazitoa usirudie kukata shina maana zitaanza upya. Na kunawa mikono, huo ute unawasha wengine ngozi.

Halafu mama naye akanipigia. Mama yangu mapambo ya maua anayoyajua ni kikuba, asumini na mrehani na kilua na mkadi ukipatikana, na macho yake hayakosei. Hakuuliza rangi wala nini, kauliza, "Mwanangu, mbona umeyachuma yameshachanua? Asumini gani inachumwa imeshafunguka?" Nikabaki mdomo wazi. Ni kweli utotoni tulikuwa tunachuma jioni jua linazama, matumba meupe yamefumba, kikuba kinashonwa, usiku ndo yanafunguka mtu ameshakivaa. Kumbe ndo mana dafodili za dukani huku zinauzwa zimefumba kama vijiti vya kijani, mi nilikuwa naona tunaibiwa!

Kwa hiyo raundi ya pili, siku mbili kabla ya Iddi, nilichuma kimama. Dafodili ile ambayo tumba limeshainamisha shingo na njano inaanza kuchungulia. Tulipu imefumba lakini rangi imeshaiva. Kuna ua moja tu linakwenda kinyume, helibora, lile linaloangalia chini na rangi yake kama juisi ya ukwaju, hilo ukilichuma changa linanyauka hapo hapo, lisubiri mpaka katikati lianze kufanya mbegu.

Kupanga kwenyewe nilitumia bakuli langu la pilau, ndani nimekunjakunja wavu wa waya, ule wa banda la kuku, ukashika pande zote. Lile sponji la kijani la kuchomekea maua silitaki, ni plastiki ile inamomonyoka, na RHS, chama kikubwa cha bustani huku, imelipiga marufuku kwenye maonyesho yake tangu 2021. Vijiti vya forsithia kwanza, virefu, vinakupa umbo. Kisha helibora pembeni zianguke kidogo, hayasinti katikati maana ni nzito, dafodili, maskari nimezifunga vishada vishada kwa uzi zisipotee. Rangi sikuogopa kabisa. Watu wa huku wanapenda nyeupe na kijani kibichi, mi nimelelewa kwenye khanga, nyekundu na njano na zambarau zikae pamoja zigombane.

Tulipu niliziweka mwisho na fupi makusudi, kwa sababu tulipu ikishakatwa inaendelea kurefuka. Naapa. Usiku zilikuwa chini ya dafodili, asubuhi ya Iddi zimewapita wote na zimegeuka upande wa dirishani, shingo ndefu kama watoto wa madrasa wamesikia gari la aiskrimu. Wageni wote picha walipiga hapo, biriani yangu haikupigwa hata moja.

Bakuli niliweka juu ya kabati lakini, kuna paka wa jirani anaingia bila hodi na haya maua ni sumu kwake, hata maji yake.

Zilibaki hayasinti mbili zimevunjika shina. Nikachomoa vile viua kimoja kimoja nikatunga kwenye uzi, mrehani sina nikatia tawi la rozmari, nikabana na pini kifuani nikampigia mama video. Akasogeza uso kwenye simu, akakiangalia weee, akasema, "Uzi umeufunga vibaya."