Karatasi Niliyokunjiwa Mara Mbili

Jana usiku mtoto wa dada alinijia na simu yake. "Mama mdogo, nianze na chuo kipi?" Kimoja kina jina, kiko Dar, ada yake peke yake inamnyima dada usingizi. Kingine ni hapa hapa, safari ya bodaboda. Nikanyamaza. Mawazo yalishanirudisha Mpanda, mwanzoni mwa 2017.

Siku hiyo tulitoka kazini na mwenzangu, tukaingia steshenari ya karibu na stendi kuchapa salari slipu. Kijana akatupa karatasi zikiwa bado za moto. Sote walimu wa shahada, sote ngazi ya mshahara TGTS D, 716,000 kwa 716,000 kwa mwezi. Mwenzangu alisoma chuo cha mkoani kwao, akilala nyumbani, mjomba akimlipia nusu ya ada. Mimi nilifuata jina. Sheria ilikuwa imebadilishwa mwishoni mwa 2016, makato ya mkopo wa elimu ya juu yakatoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15. Ile elfu hamsini na saba niliyoizoea sasa ilisomeka 107,400. Na yake 107,400. Nikajua tuko sawa, hadi alipoweka ukucha kwenye salio la deni la mkopo. Lake milioni mbili na kitu. Akausogeza ukucha taratibu hadi kwenye karatasi yangu: milioni kumi na moja. Hakusema neno. Akaichukua slipu yangu, akaikunja mara mbili, akanirudishia. Nje tulinunua mahindi ya kuchoma, akalipa yeye.

Miaka iliyofuata deni lilishuka kwa kusuasua, maana kila mwaka liliongezewa asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Mei Mosi 2021, Rais Samia alipotangaza kuifuta tozo hiyo, nililia jikoni.

Lakini ni chuo kile kile kilichonikutanisha na mhadhiri aliyenirudishia insha moja mara tatu, wino mwekundu kila ukurasa, mpaka nikajua kuandika. Wanafunzi wangu wanakula matunda ya wino ule. Je, mkoani nisingempata mtu kama yule? Mwenzangu anafundisha vizuri kuniliko. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa lake, nimeona kwa macho yangu.

Mtoto alikuwa bado ananisubiri. Nikafungua bahasha ya vyeti, nikaitoa ile slipu, mikunjo yake miwili ingalipo. Nikampa aisome kwanza, kabla hajabonyeza chochote.