Unene wa ukoo wetu, chai ya shangazi na stoo ya sufuria

Jumamosi nilipanda Kibosho, huku kwetu Kilimanjaro, kumsalimia shangazi, na mwezi wa saba baridi ya kule wenyewe mnaijua, nikamkuta jikoni na sufuria la supu ya jana, juu limeganda tabaka jeupe nene kama mshumaa. Akalikwangua na kijiko taratiibu, akalirusha kwa mbwa, akanigeukia, "unaona mwanangu, mi haya sigusi kabisa." Afu akakaa, akajimiminia chai, akaweka sukari vijiko vinne (nimehesabu, vya kujaa) na slesi za mkate mweupe pembeni.

Stori yenyewe ni kwamba goti linamsumbua, mwezi wa tatu alienda kliniki moja huku mjini, akapimwa kilo 94, akaambiwa mama punguza mafuta, bas, mwingine apite. Na shangazi ni mtu wa kutii, tangu siku hiyo ngozi ya kuku hali, nyama ya mafuta hali, chipsi ndo kabisa. Juzi kapima tena, 95. Sasa kashafunga kesi, "sisi huku ni damu, bibi yako alikuwa hivi hivi, na wewe subiri ufike hamsini utaona."

Mi nafundisha baolojia sekondari kwa hiyo maneno kama hayo yananikwaza kidogo, ila shikamoo kwanza, huwezi kumkatiza shangazi. Nikamwacha amalize, afu nikaanza, na nilivyomweleza yeye ndo nataka niwaelezee na nyie, maana wakina shangazi wako wengi.

Kwanza kwenye damu hajakosea yote. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi una nguvu kubwa kwenye uzito, na kuna jeni (kipande cha maelekezo ya urithi ndani ya seli) inaitwa FTO, mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walipima watu karibu 39,000 wakakuta mwenye nakala mbili za ile aina yake inayoongeza uzito, moja ya baba moja ya mama, ana uzito wa kilo kama 3 zaidi ya asiye nayo kabisa. Kilo 3 jamani. Sio 25. Na 2016 wakachambua majaribio nane ya kupunguza uzito, watu 9,563, wakakuta wenye hiyo aina wanapungua sawa tu na wenzao wakibadili chakula au mazoezi. Kwa hiyo damu ipo, ila damu haijafunga mlango.

Sasa hapa ndo penye utamu. Shangazi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama, wana stoo yao ya vyombo vya shughuli, masufuria makubwa, sahani, viti. Nikamwambia shangazi, jeni zako ni kama ile stoo. Karibu kila seli ya mwili wako ina stoo nzima, vyombo vyote vimo, ila sio kila siku vyote vinatoka, si inategemea mwenye ufunguo kaambiwa kuna nini? Msiba, vinatoka vya msiba. Kipaimara, vinatoka vingine. Mwilini wenye funguo ni protini zinazokaa karibu na jeni na kuziwasha au kuzizima, na anayewatuma hao mara nyingi ni kile ulichokula. Yaani chakula sio kuni tu za kuchoma, ni ujumbe pia.

"Sasa mimi nimetuma ujumbe gani na sigusi mafuta?"

Sukari shangazi. Ukinywa hiyo chai na huo mkate, sukari inapanda kwenye damu, kongosho linamwaga insulini, ile homoni ya kushusha sukari, insulini inafika kwenye ini na kumwamsha mama mmoja wa funguo anaitwa SREBP-1c (ukoo huo wa SREBP ulitoka 1993 kwenye maabara ya Brown na Goldstein kule Dallas, wale waliochukua Nobel 1985 kwa mambo ya kolesteroli). Huyu akishaamka anaingia kwenye kiini cha seli na kufungulia jeni za kutengeneza mafuta. KUTENGENEZA. Ini linachukua sukari iliyozidi na kuigeuza mafuta, mafuta ambayo hukuyala mahali popote. Afu yupo na mwingine, ChREBP, huyu hata haisubiri insulini, akihisi sukari yenyewe imejaa ndani ya seli ya ini anaanza kazi, na fruktosi ile ya kwenye sukari ya mezani na soda ndo inamchangamsha hasa. Hawa wawili wakifanya kazi pamoja kila asubuhi, saa nne, saa kumi na jioni, ini linakuwa kiwanda cha mafuta. Ndo maana kuna watu wana ini lenye mafuta na pombe hawajawahi kuonja.

Shangazi akaangalia kikombe. Hakusema kitu ila aliacha kukoroga.

Nikamwambia sasa tuje kwenye hilo ulilomtupia mbwa, maana hapo napo kuna siri. Lile la supu limeganda, lakini chupa ya mafuta ya alizeti ipo dirishani hapo, baridi ile ile, na bado yanatiririka. Yanayoganda yana asidi za mafuta zilizonyooka, zinajipanga vizuri zinabanana, ya alizeti na ya samaki molekuli zake zimepinda kwa hiyo hazibanani. Kumbe ini nalo linaona tofauti hiyo hiyo! Asidi za mafuta zilizopinda, hasa omega 3 za samaki, zinamtuliza yule SREBP-1c, anapungua, jeni za kutengeneza mafuta zinapoa. Afu zinamshika mama mwingine wa funguo, PPAR alfa, ambaye kazi yake ni kinyume, anafungulia jeni za kuchoma mafuta. Huyu anaamka pia ukikaa na njaa ya kawaida tu, usiku mzima bila kula mfano, maana mafuta ya akiba yanapoachiwa kuja kwenye ini ndo yenyewe yanamgongea mlango. Sasa mtu anayekunywa chai ya sukari mpaka saa nne usiku huyu mama anaamka saa ngapi?

Ila tusidanganyane hapa, maana najua kuna mtu ataenda kumiminia alizeti kwenye kila kitu. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9 yawe ya ng'ombe yawe ya alizeti, ukizidisha unanenepa tu. Nasema habari ya aina ya ujumbe, sio ruhusa.

Kuna PPAR nyingine nayo, gama, inakaa kwenye seli za mafuta zenyewe na inasimamia kutengeneza seli mpya za kuhifadhi. Watu wanaiona mbaya lakini mi naionea huruma, afadhali mafuta yakae kwenye stoo yake chini ya ngozi kuliko yajae kwenye ini. Dawa moja ya kisukari, pioglitazone, inafanya kazi kwa kumsukuma huyu huyu, sukari inashuka na uzito unaweza kupanda kidogo, ndo hivo.

Afu maharage. Hapa shangazi alicheka maana alifikiri nimeishiwa. Nyuzinyuzi za maharage, ulezi, dona, hatuzimeng'enyi sisi, zinashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanazichachua na kutoa vitu kama butireti. Butireti ina kazi ya ajabu, DNA yetu, yaani uzi wenye jeni zote, imeviringwa kwenye protini kama uzi kwenye kibiringo, sehemu iliyobanwa sana haisomeki, sasa butireti inazuia vimeng'enya vinavyosaidia kubana, kwa hiyo baadhi ya jeni zilizokuwa zimefichwa zinaachia zinasomeka. Kwa lugha ya stoo, anasogeza magunia yaliyoziba mlango.

Afu kuna alama za kemikali zinazobandikwa kwenye DNA kusaidia kuamua jeni ipi isomwe, na hizo zinaweza kudumu. Uholanzi 1944 hadi 1945 wakati wa vita kulikuwa na njaa kali, miaka kama 60 baadaye wakawapima watu ambao mama zao walishika mimba wakati ule, wakakuta alama za kemikali kwenye jeni moja ya ukuaji, IGF2, ni pungufu kuliko kwa ndugu zao wa tumbo moja. Fikiria, ndugu wa damu, stoo moja, ila mmoja alama zake ziliandikwa na njaa.

Lakini iliyonifurahisha kuliko zote ni ya hapa hapa kwetu. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa chuo cha Radboud cha Uholanzi na hospitali ya KCMC ya Moshi, walichukua wanaume 77 wazima wa mkoa wetu. Wa kijijini waliozoea kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage), maharage na mboga za majani wakapewa wiki mbili za chakula cha kizungu, soseji, mkate mweupe, chipsi. Wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha asili, na kikundi kingine cha mjini wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, wiki moja. Wakapima damu, hadi jeni zipi zimewashwa kwenye damu. Wale wa soseji uvimbe wa ndani (sio jipu wala kansa, ni kinga ya mwili kuwaka kama inapigana na ugonjwa) ulipanda na kinga ikadhoofu, wa chakula cha asili na wa mbege viashiria vya uvimbe vikashuka, na wiki nne baadaye baadhi ya mabadiliko bado yalikuwepo. Wiki mbili tu! Walichoangalia zaidi sio unene, ni uvimbe na kinga, ila uvimbe huo huo wa chini chini ndo unatembea na unene na kisukari. Mi niliposoma nilijisikia vibaya kidogo, maana darasani nimefundisha "chakula bora" miaka kumi na kiburu sijawahi kukitaja hata mara moja.

Shangazi alikuwa ananisikiliza vizuri kabisa mpaka hapo. Akaweka kikombe chini.

"Umesema mbege?"

Shangazi, walikuwa vijana wa kiume, wazima, wiki moja.

"Umesema mbege inashusha."

Nimesema uvimbe shangazi, sio kilo, na ina pombe, na hujasikia habari ya sukari hata kid...

"We Baraka!" akamwita mjukuu wake huko nje. "Nenda kwa mama jirani muulize kama amepika, chukua na lile dumu." Afu akanisogezea kile kikombe chenye vijiko vinne, "hii kunywa wewe, bado mdogo."