Harufu ya mkojo wa paka: tochi ya wakala ndiyo iliyoniokoa

Mtu akikushauri unyunyizie kapeti marashi ili kuua harufu ya mkojo wa paka, mwombe kwanza akukaribishe kwake unuse. Mimi ushauri huo nilipewa na shemeji, jirani, hata mwendesha boda aliyeniletea siki. Aliyewapita wote ni yule aliyesema nimwage blichi. Mkojo una amonia, na blichi ikikutana na amonia hutoa mvuke wa sumu. Nyumba yangu hapa Migosi, Kisumu, ni ya chumba kimoja na sebule, tungekimbilia wapi?

Vijana wa kuosha makapeti walikuja na mashine yao ya maji moto, wakapiga povu, wakalianika kapeti ukutani hadi likakauka kau. Nikatoa kama elfu mbili hivi, nikalitandika kwa maringo. Haukupita muda mvua ikanyesha, unyevu wa ziwa ukajaa ndani, na sebule ikanuka kama choo cha stendi. Nikawapigia simu. Wakaniambia labda ni mtaro wa nje. Mtaro!

Kinachobaki kwenye kapeti ni mabaki ya mkojo, zikiwemo chembe za asidi ya yuriki. Maji na sabuni haziziyeyushi vizuri. Kapeti likikauka harufu hutulia, unyevu ukirudi nayo inarudi, kwa hivyo mjini Kisumu mtu hajifichi.

Sasa, tochi. Wakala wa M-Pesa wa karibu ana ile ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti bandia. Nikamwomba aniazime usiku mmoja. Alicheka hadi wateja wakageuka. Nikafunga mapazia, nikazima taa zote, nikatambaa sakafuni kama mpelelezi huku mume wangu akiuliza kama niko sawa. Nilidhani doa ni moja, kando ya kochi. Kumbe Gavana (ndilo jina la paka) alikuwa ametembelea kata zote: chini ya meza ya televisheni, pembeni mwa mlango, hata mguu wa kochi wenyewe. Mkojo mkavu hung'aa manjano hafifu. Ukiona samawati nyeupe, hiyo huenda ni sabuni ya unga tu. Inama unuse uhakikishe. Kila doa nikalizungushia chaki.

Madoa madogo yaliisha kwa siki na maji nusu kwa nusu, halafu bekingi soda juu yake usiku kucha. Mwaga hadi ifike mgongoni mwa kapeti, maana mkojo wenyewe ulifika huko. Kandamiza kwa taulo kuukuu, usisugue. Lile la kando ya kochi liligoma, nikatafuta dawa ya vimeng'enya kwa daktari wa mifugo. Bei iliniuma, lakini ndiyo inayovunja ile asidi yenyewe. Ifunike kwa nailoni isikauke upesi, na ujaribu kwanza pembeni kama rangi inachuja. Sponji ya chini nilikata kipande nikatupa, kisha nikaosha saruji kwa dawa hiyo hiyo, kwani saruji nayo hunyonya.

Mvua zimenyesha tena na sebule haina neno. Gavana amehasiwa, hilo nalo limesaidia. Sanduku lake la kujisaidia nalijaza maranda ninayopewa bure na seremala. Mchanga wa paka wa supamaketi waachieni watu wa Milimani, mtaa wa wenye pesa.