Alisukumwa au aliruka? Mr. Robot bado inanisumbua

Nimemaliza Mr. Robot, ile tamthilia ya Kimarekani ya mdukuzi (hacker) Elliot, kwa mara ya pili na nimeshindwa kulala, kwa hiyo naandika. Kama hujaiangalia ishia hapa, nenda kaangalie sizoni zote 4 urudi, maana naenda kumwaga kila kitu bila huruma.

Watu wengi ukiwauliza swali gani halikujibiwa watakwambia ile mashine ya Whiterose, yule bosi wa wadukuzi wa Kichina, kule kwenye mtambo wa nyuklia wa Washington Township. Ilikuwa inafanya nini? Inafufua wafu, inakupeleka ulimwengu mwingine, au ni chuma tu na mama mmoja mwenye uchungu aliyepata pesa nyingi kuliko akili? Mimi hilo wala halininyimi usingizi. Mashine ilifeli, ule mji mzuri Elliot alioamkia ulikuwa kichwani mwake mwenyewe, basi. Na Tyrell, mshirika wa Elliot, na ule mwanga wa buluu porini, sizoni ya 4, jamaa ana risasi mwilini anatembea kwenye theluji halafu skrini inakuwa nyeupe, pia sitaki kuelezwa, ilivyo ndivyo inavyopendeza.

Ila Angela, rafiki wa Elliot tangu utotoni, hapana, hapo nina kinyongo kabisa. Watu wa Whiterose wamemfungia kwenye chumba chenye giza, katoto kanamuuliza maswali ya ajabu kwenye Commodore 64, kompyuta ya zamani, anakuja Whiterose wanaongea, akitoka huko si Angela tuliyemjua. Majengo 71 yanalipuka na watu wanakufa kwa maelfu, yeye kakaa na rimoti anarudisha picha nyuma, jengo linasimama tena, anakwambia unaona, wako sawa. Aliambiwa nini mle ndani? Alionyeshwa nini? Epsodi ya kwanza ya sizoni ya 4 anapigwa risasi na jibu linaondoka naye, hawakurudi tena kwenye hilo jambo. Mtu mwenye akili zake hageuki hivyo kwa maneno matupu, au kama anageuka basi nionyesheni hayo maneno.

Haya, tuje kwenye lenyewe. Dirisha.

Mwanzoni kabisa Elliot anatusimulia kwamba akiwa mdogo baba yake alimsukuma dirishani, akavunjika mkono. Tunamwamini, kwa nini tusimwamini, yeye ndiye anayetusimulia. Sizoni ya 3 dada yake Darlene anamwambia hapana kaka, hukusukumwa na mtu, ulichukua gongo la besiboli ukavunja kioo ukaruka mwenyewe. Halafu sizoni ya 4 epsodi ya 7, Vera, yule muuza madawa ya kulevya, kamshikilia Elliot na Krista, mtaalamu wake wa saikolojia, ndipo inatoka sababu, kwamba baba yake alikuwa anamnyanyasa kingono na mtoto alikuwa anamkimbia. Tukio ni lilelile, dirisha ni lilelile, kinachobadilika ni kitenzi tu. Alisukumwa. Aliruka. Alikimbia.

Nikakumbuka jaribio la mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake Palmer la mwaka 1974. Wanafunzi 150 walionyeshwa filamu fupi ya ajali ya magari, wengine wakaulizwa magari yalikuwa na spidi gani yalipogongana, wengine yalipobamizana, na wengine hawakuulizwa spidi kabisa. Baada ya wiki wakaulizwa wote, je mliona vioo vilivyovunjika? Vioo havikuwepo kabisa kwenye ile filamu. Walioambiwa "kubamizana", 16 kati ya 50 wakasema ndiyo tuliviona, wa "kugongana" walikuwa 7. Neno moja limewavunjia watu vioo kichwani, na mimi hapa nina dirisha la Elliot, sasa nilaleje?

Kwa hiyo swali langu ni hili, nani aliweka neno "alisukumwa"? Mwishoni tunaambiwa huyu tuliyekuwa naye miaka yote si Elliot halisi, ni sehemu tu yake iliyoumbwa ibebe hasira, na Elliot mwenyewe kafungiwa kwenye ule mji wa ndoto. Sawa. Je Elliot halisi naye anakumbuka kusukumwa? Au hiyo kumbukumbu ni ya huyu wa hasira peke yake, maana mtu wa hasira lazima awe na wa kumkasirikia? Na huyu wa hasira alianza lini hasa? Rudi sizoni ya 1, pale anapombusu Darlene naye anashtuka anarudi nyuma, anamuuliza umesahau tena? Mara ya kwanza sote tulishtushwa na ile ya kwamba ni dada yake, hakuna aliyesikia lile neno "tena". Tena! Maana yake lilishatokea kabla, Darlene anajua hilo, na hatukuwahi kuonyeshwa mara hizo nyingine. Mimi nimerudisha nyuma hicho kipande kama mara tano, sura ya Darlene pale ni ya mtu aliyechoka zaidi ya mtu aliyeshtuka.

Na sisi watazamaji tusijifanye tuko nje, mwishoni Krista anasema hata "rafiki" ambaye Elliot anamwongelesha muda wote, yaani sisi, ni sehemu ya kichwa hichohicho. Kwa hiyo hata ninachokumbuka mimi nisikiamini sana, au siyo?

Kipande cha mwisho Elliot halisi anafumbua jicho hospitalini, Darlene kamwinamia, anamsalimia, imeisha. Pale kitandani hatujamsikia hata neno moja. Hajui Angela amekufa, hajui mikono yake mwenyewe imefanya nini muda wote huo, na wa kumweleza ni Darlene pale kitandani. Siku akiuliza kuhusu dirisha, Darlene atatumia kitenzi gani?