Makohozi yangu si ya TB, shangazi

Ukionekana na kikopo cha makohozi kwenye foleni ya maabara hapa Mbeya, mtaa umeshakupa TB kabla majibu hayajatoka. Habari zangu zilifika Uyole kabla mimi sijafika nyumbani. Shangazi akapiga simu: "Mwanangu, usinifiche." Sikumficha. TB haikuonekana, daktari anachunguza hii hii pumu. "Pumu na makohozi wapi na wapi? Pumu si baridi na vumbi?"

Hajakosea. Mimi ni fundi cherehani, nashinda na nyuzi za vitambaa puani, na Julai ikiingia, ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza na kila nyumba imeingiza jiko la mkaa ndani, nalala nimekaa. Lakini kuna pumu inayotulia kwa inhela ya kahawia, na kuna hii yangu, inayomaliza dozi na bado kifua kinabana. Asubuhi makohozi ni ya kijani, yananata kama uji wa ulezi uliopoa. Rangi hiyo peke yake haithibitishi bakteria, maana seli za kinga zenyewe huweza kuyapaka kijani. Ndiyo maana yakapelekwa maabara.

Zamani ilifundishwa kwamba mapafu ya mtu mwenye afya hayana kijidudu hata kimoja. Mwaka 2010 watafiti wa London walichukua sampuli ndani ya njia za hewa wakakuta bakteria, kwa wazima na kwa wagonjwa. Tofauti ilikuwa ni akina nani wanaoishi humo. Kwa wazima, Prevotella walionekana zaidi. Kwa wenye pumu, Haemophilus ndio waliojaa.

Hapo nikaanza kuelewa. Steroidi iliyomo kwenye inhela ya kahawia hutuliza vizuri uvimbe unaoletwa na seli za kinga ziitwazo eosinofili. Kwa baadhi ya wenye pumu kali zinazojaa ni neutrofili, askari wanaokimbilia bakteria, na steroidi haiwatishi sana. Makohozi ya wagonjwa wa namna hiyo mara nyingi ndiyo yanayokutwa na Haemophilus au Moraxella wengi. Nani alitangulia, bakteria au uvimbe, wataalamu bado wanabishana, na wengine wanaitazama steroidi yenyewe kwa jicho la pembeni, kwa kuwa inapunguza ulinzi wa njia ya hewa.

Sasa, najua kuna msomaji ameshavaa viatu kwenda duka la dawa. Subiri kwanza. Mwanjelwa nilishauziwa azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, bila hata kuulizwa naumwa nini, vidonge vitatu, "kifua kitafunguka, dada". Utafiti mkubwa wa Australia uliotoka 2017 uliwapa watu wazima wenye pumu sugu dawa hiyohiyo, miligramu 500 mara tatu kwa wiki, kwa wiki 48. Kati ya watu 420, waliopewa dawa walibanwa mara 1.07 kwa mwaka kwa wastani, na waliopewa vidonge visivyo na dawa mara 1.86. Ni nafuu ya maana. Ila makohozi yao yalipochunguzwa baadaye, Haemophilus walikuwa wamepungua na vinasaba vya usugu wa dawa vimeongezeka. Dawa hiyo inaweza pia kuvuruga mapigo ya moyo na kuharibu usikivu. Kwa hiyo kabla ya kuianza hupimwa moyo, na makohozi hukaguliwa kama yana bakteria walio jamaa wa TB, wasije wakazoea dawa kimyakimya. Vidonge vitatu vya dukani havimo kabisa kwenye hesabu hii.

Mimi sijaandikiwa. Daktari alianza kwa kunitazama ninavyovuta inhela, akanipa spesa, kile kichupa cha kuvutia dawa ya inhela, akasisitiza nisukutue mdomo kila nikimaliza. Kliniki ijayo nitamuuliza ni seli gani zilizoonekana kwenye makohozi, eosinofili au neutrofili, na kama kuna bakteria walioota huko maabara.