Michenzani ya Leipzig: nilivyochagua mji wa kusoma Ujerumani

Mwaka 2023 barua tatu za kukubaliwa ziliniingilia ndani ya wiki tano: München, Stuttgart na Leipzig. Ya kwanza nyumbani Unguja tuliipokea kwa biriani, ya pili kwa soda. Ilipokuja ya tatu mama akauliza tu: "Sasa wapi rahisi, na wapi hawatakudhuru?" Kwa pumzi moja. Mimi nikayatenganisha, nikafanya hesabu kwanza na khofu nikaiweka pembeni. Nilikosea, ila hilo nililijua baadaye sana.

Hesabu iliiondoa Stuttgart mapema. Vyuo vya umma Ujerumani kwa kawaida havitozi ada, lakini jimbo la Baden-Württemberg, ambalo Stuttgart ni mji wake mkuu, tangu 2017 linamtoza mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Mihula minne ni euro 6,000, na bado hujanunua hata mkate. München kozi yangu haikuwa na ada, ila vyumba nilivyoviona vilianzia euro 700. Visa ya mwanafunzi wakati ule ilitaka uoneshe euro 934 kwa mwezi. Toa 700 ya chumba, toa kama 120 ya bima ya afya, ambayo haina hiari. Kinachobaki ule siku thelathini, upige simu, ununue koti la baridi. Labda uwe mchawi.

Hizo 934 hazikai mfukoni. Zinafungiwa za mwaka mzima katika akaunti wanayoiita Sperrkonto: kwangu mimi euro 11,208, karibu shilingi milioni 30, nawe unachotewa fungu lako mwezi kwa mwezi ukishafika. (Kuanzia Septemba 2024 kiwango kimepanda hadi euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka.) Kiwanja chetu cha Fuoni kilikwenda hapo. Upatu wa mama ulikwenda hapo. Na bado tulipotuma, pesa zikafika zimepungua euro thelathini na kitu, kwa sababu benki ya katikati ilikata chake njiani. Kwa upungufu huo cheti cha akaunti, kile cha kuombea visa, hakitoki, na siku yangu ya kwenda ubalozini Dar es Salaam ilikuwa inakaribia. Tukatuma tena, tukakatwa tena ada ya kutuma. Anayejiandaa leo azidishe kama euro 100 tangu mwanzo. Kikizidi ni chako, hakiliwi.

Ikabaki Leipzig, na Leipzig iko Saksonia, jimbo la mashariki lenye sifa ya chuki kwa wageni. Mimi navaa hijabu. Jirani mmoja, kwa nia njema au mbaya sijui, akamkumbusha mama habari ya Marwa El-Sherbini, mfamasia kutoka Misri aliyechomwa kisu hadi kufa ndani ya mahakama ya Dresden tarehe 1 Julai 2009. Dresden iko jimbo hilohilo. Mama hakunisemesha siku mbili.

Aliyeitwa kusuluhisha ni mjomba. Yeye alipelekwa kusoma Ujerumani Mashariki miaka ya 70, na kama wageni wengi wa wakati ule alianza kwa kujifunza Kijerumani katika Taasisi ya Herder, palepale Leipzig. Akaja jioni na kofia yake ya viua, akanywa kahawa taratibu, akamwachia mama amalize. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, Darajani ni pahala pa salama?"

"Ndiyo, mjomba."

"Saa nane za usiku je?"

Nikanyamaza.

"Basi usiulize mji. Tafuta mtu anayekaa huko, mwanamke kama wewe, umuulize anarudi nyumbani saa ngapi, na anapita wapi."

Nikampata dada mmoja wa Mombasa, kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa Ujerumani. Naye anavaa hijabu, alikuwa mwaka wa pili. Sikumuuliza kama Leipzig ni salama. Nilimuuliza darasa la mwisho linatoka saa ngapi, tramu inapita kila baada ya dakika ngapi ikishapita saa mbili usiku, kutoka kituoni hadi mlangoni kwake ni hatua ngapi na kama kuna taa. Alinijibu kwa sauti, dakika kumi na moja, huku anakata vitunguu. Katika mwaka mmoja alitukanwa mara mbili, zote ndani ya tramu, na hakuguswa. Siku ya mechi kubwa harudi kwa tramu iliyojaa mashabiki. Vijiji na miji midogo ya jirani haendi peke yake usiku. Kubwa zaidi kwake halikuwa hilo. "Shoga, kinachokuweka hatarini ni kukosa pesa," akaniambia. "Ukiwa huna, utakubali chumba chochote, na kazi ya saa yoyote." Nilicheka, nikadhani anatia chumvi.

Chumba chenyewe kilikaribia kunimaliza. Mabweni ya wanafunzi yalikuwa na foleni ya miezi, kwa hiyo nikatafuta mitandaoni. Nikaona chumba mtaa wa Südvorstadt, karibu na chuo, dari ndefu, sakafu ya mbao, euro 320 kila kitu ndani. Mwenyewe akaandika kwa adabu kwamba yuko Uingereza kikazi, nimtumie Kaution, yaani amana, ya miezi mitatu, naye atanitumia ufunguo kwa posta. Euro 960. Nilikuwa nimeshaanza kujaza fomu ya kutuma. Dada wa Mombasa akasema subiri. Akapanda tramu, akaenda hadi mlangoni. Ujerumani kwa kawaida kengele ya mlango ina jina la anayekaa pale. Akanipigia picha kengele zote nane. Jina la yule bwana halikuwemo. Akabonyeza moja, akatoka bibi mmoja, akasema wewe ni wa tatu mwezi huu. Kijana mwenzetu wa Kenya hakuwa na wa kumtuma. Alituma euro 700, akafika na sanduku mbele ya mlango wa watu.

Tangu hapo sheria yangu imekuwa moja: hakuna senti kabla mtu ninayemjua hajasimama ndani ya chumba. Na bei ikiwa nzuri kuliko zote, ndiyo ya kuogopa zaidi.

Nilichopata mwisho ni chumba Grünau, magharibi kabisa ya mji, euro 260 na umeme na joto ndani, katika nyumba ya kushirikiana na wanafunzi wawili. Treni ya mjini inafika, na kutoka kituoni ni dakika nne chini ya taa. Siku ya kwanza nilipoinua macho nilicheka peke yangu barabarani. Majumba marefu ya zege, madirisha yamepangana kama vitufe vya redio, nguo zimeanikwa barazani. Michenzani, fleti za kwetu Unguja! Nilimpigia mjomba picha, akajibu kwa herufi kubwa: NDIYO HAOHAO. Waliojenga Grünau kuanzia 1976 ndio haohao Wajerumani Mashariki waliotusaidia kujenga Mji Mpya wetu baada ya Mapinduzi. Mama alipoziona picha ndipo khofu ilipompungua. Sababu za kitaalamu hazikuwahi kumshawishi, lakini fleti za Michenzani anazijua, dada yake anakaa Blok 3.

Mwezi wa kwanza baada ya kufika ndio ninaowaambia wote waogope. Sperrkonto haitoi kitu mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya benki. Benki niliyokwenda ilitaka karatasi ya Anmeldung, yaani usajili wa makazi. Ofisi ya usajili ilitaka barua ya mwenye nyumba na miadi, na miadi ya karibu ilikuwa baada ya siku kumi na sita. Kwa hiyo nina milioni 30 za familia mahali fulani, na sina pesa ya dagaa. Wakati huohuo amana inadaiwa, kodi inadaiwa, mchango wa muhula wa chuo wa euro mia mbili na ushei ulishalipwa (huo usiulalamikie, ndani yake mna tikiti ya usafiri), na bima ilipoanza kukata ilikata miezi miwili kwa mpigo. Nilikwenda na euro 600 taslimu. Zingekuwa 1,500 nisingekula tambi wiki tatu.

Kisha ikaja barua ya kudai euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni. Sina televisheni. Baada ya ule mkasa wa chumba nilijiona mjanja, nikaichana. Ile ndiyo ilikuwa ya kweli! Kila nyumba inalipa, uwe na televisheni usiwe nayo, na inalipwa moja kwa nyumba nzima. Wenzangu walikuwa wanalipa tayari, ilinipasa kuwaandikia namba yao tu. Barua ya pili ilikuja na faini juu.

Chakula kilinipeleka mahali nilipokatazwa. Eisenbahnstraße ni mtaa wa mashariki ya mji ambao televisheni ya Ujerumani iliwahi kuuita mtaa mbaya kuliko yote nchini, na Novemba 2018 eneo lake lilitangazwa kuwa la marufuku ya silaha. Mwenye nyumba wangu, mzee mpole, alinionya nisikanyage. Dada wa Mombasa akanipeleka Jumamosi ya kwanza. Unga wa sembe, mihogo, ndizi za kupika, nyama ya halali kwa bei ya chini kuliko supamaketi, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani hakuna aliyenitazama mara mbili. Siendi pale saa sita usiku, kama nisivyokwenda popote saa sita usiku. Lakini mtaa ule wa sifa mbaya ulinipunguzia si chini ya euro 60 kwa mwezi. Kwa mchana nilikula Mensa, kantini ya chuo, ambako sahani ya bila nyama ilikuwa chini ya euro tatu. Siku moja kwenye foleni kijana wa Kijerumani nyuma yangu akanisikia simuni, akaniamkia, "Habari za mchana, dada?" Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili, alikuwa muhula wa tatu na ngeli zilikuwa zinamtoa jasho.

Januari 2024 pesa zikabana, nikashika kazi ya kupanga vifurushi usiku kwenye ghala nje ya mji. Kima cha chini kilikuwa euro 12.41 kwa saa, na usiku kuna nyongeza. Kwenye karatasi ilipendeza. Ila zamu ilikuwa ikiisha saa tisa kasoro ya usiku, gari la kampuni linatushusha stesheni kuu, na mabasi ya usiku ya Leipzig yanaondoka pale kwa zamu: saa saba na dakika 11, saa nane na dakika 22, saa tisa na dakika 33. Ukilikosa la tisa unangoja tramu ya alfajiri. Usiku mmoja wa Februari nilikuwa nangoja, wanaume watatu wamelewa wakaja, mmoja akanivuta mtandio. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, lugha nyingine ilinitoka kichwani. Dereva wa basi akashuka na kunisimamisha mlangoni kwake. Yeye ndiye aliyepiga 110, namba ya polisi; mimi mikono ilikuwa inatetemeka.

Njia yote ya Grünau nilikuwa nalikumbuka lile neno la dada akikata vitunguu. Saksonia haikunipeleka pale saa tisa za usiku. Nilipelekwa na euro 600 nilizokwenda nazo badala ya 1,500, na deni la dogodogo lililofuata. Niliacha ile kazi wiki hiyohiyo. Nikala upungufu miezi miwili, kisha nikapata saa za kusaidia idarani, mchana, pesa kidogo zaidi ya nusu ya zile. Mama sikumwambia. Mjomba nilimwambia, akanyamaza muda mrefu, akaniuliza kama yule dereva nilimshukuru.

Tarehe 1 Septemba 2024, jimbo lilipopiga kura na chama cha AfD, cha mrengo wa kulia kinachopinga wahamiaji, kikapata zaidi ya asilimia 30, nilishinda ndani. Kesho yake mama wa ghorofa ya chini, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akiniitikia kwa kichwa tu, alinigongea na nusu ya keki ya tufaha. Hakusema ni ya nini. Sijui alipigia nani kura.

Juzi binti wa binamu yangu ameniandikia kutoka Mtoni. Ana miji minne, ameipanga kwenye jedwali lenye rangi, na safu ya mwisho imeandikwa "usalama" na alama za moja hadi kumi. Nimemuuliza alama amezitoa wapi. Kisha nimemuuliza pesa ya mwezi wa kwanza akifika, nje ya Sperrkonto, anayo kiasi gani.

"Bado, anti."

Nimemwambia afute safu ile kwanza, aweke mahali pake saa ya basi la mwisho. Hiyo ya mwezi wa kwanza tutaizungumza na mama yake Ijumaa.